Meowth wangu wa Alola amefika levo 41 na bado hajageuka Persian. Nakosea wapi?

Nuru_na_Mwezi ameandika:

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nacheza Pokémon Moon kwenye Nintendo 3DS. Kaka yangu ana Sun. Kabla hajaondoka kwenda masomoni tulikaa pamoja tukabadilishana: mimi nikampa Cutiefly, yeye akanipa Meowth wake. Ni yule wa Alola, nchi ya visiwa ya mchezo huu, mwenye manyoya ya kijivu, si yule wa rangi ya maziwa tuliyemzoea. Kaka alimwita Sarafu kwa ajili ya ile sarafu ya dhahabu iliyo kwenye paji la uso. Jina hilo siwezi kulibadilisha, kwa sababu mchezo haukuruhusu kumpa jina jipya Pokémon uliyempata kwa mtu mwingine. Na hata ungeruhusu, nisingelibadilisha.

Nilimpokea akiwa levo 34. Nilikuwa nimesoma kwamba Meowth anageuka Persian akifika levo 28, nikajua akipanda levo moja tu mikononi mwangu kazi imekwisha. Akafika 35, kimya. 36, kimya. Leo yuko 41 na bado ni paka yuleyule mdogo.

Simtupi. Kila jioni namfungulia Pokémon Refresh, namsugua kwa kalamu ya skrini, namchana, namlisha maharage mpaka anafumba macho. Mioyo yake yote mitano imejaa. Hajashika Everstone, lile jiwe linalozuia Pokémon asigeuke, nimehakikisha mara mbili. Kitufe cha B, kinachokatiza kugeuka, sikigusi kabisa pambano likiisha.

Jingine, labda linahusu na labda halihusu: Sarafu anazimia sana. Ana mbio, lakini pigo moja zito linamlaza. Akizimia namwamsha kwa Revival Herb kwa sababu inamrudishia uhai wote kwa mkupuo mmoja, wakati Revive ya kawaida inarudisha nusu tu.

Kaka anarudi likizo na nataka amkute Persian. Na mnieleze ukweli: kuna faida yoyote? Kila ninaposoma habari za Persian wa Alola nakuta watu wanamcheka kwa ule uso wake wa mviringo.

---

kijana_wa_Galar amejibu:

Dada, mbona rahisi hiyo. Piga kambi, pika kari, cheza naye kwa mpira na kile kijiti chenye manyoya. Mimi wangu aligeuka ndani ya siku mbili tu. Kambi ndiyo dawa.

---

Mlezi wa Paka amejibu:

Dada Nuru, karibu, na asante kwa kueleza kila kitu hadi dawa unayompa. Tatizo lako limo humohumo kwenye maelezo yako, na si moja, ni matatu yaliyopandana.

Kwanza niseme kuhusu kambi na kari. Kijana hajakudanganya, ila anazungumzia mchezo mwingine. Kambi ipo Sword na Shield, michezo ya mwaka 2019. Wewe uko kwenye Moon ya 2016, na humo kambi hakuna. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, nitaifikia sasa hivi.

Ile levo 28 uliyoisoma ni ya Meowth wa Kanto, nchi ya michezo ya kwanza, yule wa rangi ya maziwa. Wa Galar, nchi ya Sword na Shield, naye hugeuka levo 28, ila anakuwa Perrserker, lile jitu lenye ndevu za chuma. Wa Alola peke yake ndiye hana habari na levo. Yeye hugeuka akipanda levo yoyote ile, mradi urafiki wake na wewe uwe umefika kiwango. Angeweza kugeuka akiwa levo 20, na anaweza kufika levo 90 akiwa bado Meowth.

Sasa utaniuliza, urafiki gani tena na mioyo mitano imejaa? Hapa ndipo watu wengi waliocheza Moon walipokwama, nami nilikuwa mmoja wao. Mchezo wako una daftari mbili. Daftari la kwanza ni la mapenzi, ndilo unaloliona kwa mioyo kwenye Refresh. Hilo linajazwa kwa kusugua na kwa maharage. Daftari la pili ni la urafiki, halina mioyo wala picha, linaandikwa kimyakimya nyuma ya pazia: unapotembea naye kikosini, anapopanda levo, anapozimia, unapompa dawa. Ukitaka kuona kwamba ni vitu viwili, mwangalie Eevee. Kwenye mchezo huohuo wako, Eevee akijaa urafiki anakuwa Espeon mchana au Umbreon usiku, lakini ili awe Sylveon anahitaji mioyo ya Refresh pamoja na pigo moja la aina ya Fairy. Mnyama mmoja, daftari mbili, milango tofauti. Kuanzia Sword na Shield daftari hizo zikaunganishwa kuwa moja, ndiyo maana kambi ya kijana ilimsaidia.

Kwa hiyo jioni zako zote na Sarafu hazikupotea, usihuzunike. Mioyo ile inamsaidia vitani: kuna wakati atabaki na uhai wa 1 mahali ambapo angezimia, kuna wakati atakwepa pigo. Ila Persian hayumo kwenye daftari hilo.

Tatizo la pili ni kubadilishana kwenyewe. Urafiki huhesabiwa kuanzia 0 mpaka 255, na kwenye mchezo wako Meowth wa Alola anatakiwa afike 220. Pokémon anapohamia kwa mchezaji mwingine, urafiki wake unarudi pale anapoanzia kila Meowth, yaani 70. Kaka yako hata kama alikuwa amemtunza vizuri mno, siku ulipompokea Sarafu alikuwa hakujui. Alikuja kwako na levo zake 34, lakini moyo wake ulikuwa mgeni.

Tuhesabu pamoja. Kila levo inampa pointi 5 akiwa chini ya 100, halafu 4 akishavuka 100, halafu 3 akishavuka 200. Umempandisha levo 7. Sita za mwanzo zimemtoa 70 mpaka 100, ya saba ikampeleka 104. Ongeza kidogo za kutembea. Hata bila kosa lolote ungekuwa nusu ya safari tu.

Na kosa lipo. Ndilo tatizo la tatu, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu umelifanya kwa nia njema. Revival Herb ni chungu. Pokémon wote wanaichukia, na mchezo unaliandika hilo: kila ukimwamsha kwa mti huo unampunguzia pointi 15, na akishavuka 200 ni 20. Kuzimia kwenyewe kunapunguza 1. Ukimwacha azimie na kumwamsha hivyo mara tatu, pointi 48 zimekwenda. Hizo ni zaidi ya levo tisa za kazi. Inawezekana kabisa leo Sarafu ana urafiki mdogo kuliko siku aliyofika kwako.

Mimi wangu nilimkamata mwaka uleule mchezo ulipotoka, pale shule ya wachezaji kwenye kisiwa cha kwanza, Melemele. Nilimpenda kupita maelezo. Na kwa sababu nilimpenda nilimficha kwenye sanduku asizimie, namtoa jioni tu kumlisha maharage, kisha namrudisha. Nikafika kisiwa cha tatu naye ni Meowth. Nilidhani mchezo wangu una hitilafu. Siku moja nilimsahau kikosini nikiwa nazunguka kutafuta mpinzani mmoja, nikazunguka kweli kweli, na baada ya pambano dogo tu la kijinga ile skrini ya juu ikabadilika. Nakumbuka nilikuwa nimeshika mkate kwa mkono mmoja, nikauweka chini taratibu kana kwamba nikitikisa kifaa atasita. Alikuwa anahitaji kutembea na mimi, si kufichwa.

La kufanya ni hili. Acha mitishamba yote michungu, si Revival Herb peke yake: Energy Root, Energy Powder na Heal Powder nazo zinapunguza. Akizimia tumia Revive au mpeleke Pokémon Center. Mshikishe Soothe Bell kama unayo, kengele hiyo inaongeza kwa nusu kila pointi anayopata. Mweke kikosini muda wote, hata siku ambazo hapigani, kwa sababu hatua zako zinahesabika na levo anazopata akiwa pembeni kwa Exp. Share, kifaa kinachogawia kikosi kizima uzoefu wa pambano, zinahesabika pia. Kila siku pita mjini Konikoni, kuna mama anayekanda Pokémon mmoja kwa siku, mkono wake unaongeza urafiki. Usiku ukizima mchezo, mwache kwenye chemchemi ya moto ya Isle Avue kule Poké Pelago. Vitamini kama Protein na Calcium nazo zinampendeza.

Halafu usisahau: kufika 220 peke yake hakumgeuzi. Lazima apande levo baada ya kufika. Kama una Rare Candy, ile pipi inayompandisha Pokémon levo moja, itunze. Ukihisi amefika, mpe moja, inahesabika kama levo ya kawaida.

Kuhusu uso wake wa mviringo. Watu walimcheka tangu picha yake ya kwanza ilipotoka, na mimi sijawahi kucheka nao. Soma maelezo ya Pokédex, kamusi ya Pokémon ya mchezoni, ya Sun: uso ule wa mviringo huko Alola ni ishara ya neema, ndiyo maana Persian wanatendewa vizuri sana. Na Meowth wa Alola ana historia yake. Hakuwa wa visiwa vile. Aliletwa kutoka nchi nyingine kama zawadi kwa ukoo wa kifalme, akalelewa kwa anasa, akawa na majivuno na tamaa, na ufalme ulipoanguka akabaki hana mlezi, akaingia mwituni. Sasa mnyama aliyezaliwa kwenye mapaja ya wafalme, unategemea ageuke kwa sababu umemhesabia vita? Wa Kanto ni wa mtaani, anakua kwa kupambana. Wa Galar aliishi na mabaharia wakali mpaka sehemu za mwili wake zikawa chuma. Wa Alola anataka kuhakikishiwa kwamba hutamwacha tena. Waliomtungia sharti la urafiki walimwelewa vizuri.

Hata sarafu ya paji lake imebeba methali. Wajapani husema kumpa paka koban, ile sarafu ya dhahabu ya zamani, wakimaanisha kumpa mtu kitu asichojua thamani yake. Sisi tunasema kumpigia mbuzi gitaa. Koban hiyohiyo ndiyo aliyoibeba Sarafu wako kwenye paji.

Nijibu jambo moja: kwenye ukurasa wake, kipaji chake ni kipi, Pickup au Technician?

---

Mchota Sarafu amejibu:

Mlezi amemaliza yote kuhusu urafiki, sina la kuongeza hapo. Ila dada aliuliza kama kuna faida, na mimi nina mawazo tofauti kidogo.

Mimi Meowth wangu nimemshikisha Everstone kwa makusudi na hatageuka milele. Ana Pickup. Baada ya pambano, kama hajashika kitu, ana nafasi ya 10% ya kuokota kitu... na hapo mtaniuliza ataokotaje na ameshika jiwe. Kweli, siku za kuokota namvua jiwe na nabonyeza B kila anapotaka kugeuka. Ni usumbufu, lakini nimezoea. Akigeuka Persian, Pickup inapotea.

Halafu kuna Pay Day. Kila akiipiga zinadondoka pesa mara tano ya levo yake. Sarafu wa levo 41 anadondosha 205 kwa pigo moja. Siku nikihitaji mipira mingi natoka na paka wangu tu, tunarudi na mfuko umejaa. Paka mwenye jina la Sarafu asiyedondosha sarafu, mimi ningeona amepungukiwa.

---

Mlezi wa Paka amejibu:

Mchota, nakuheshimu kwa subira hiyo ya kubonyeza B. Lakini Pay Day haipotei akigeuka, Persian anaendelea nayo, tena anawahi zaidi: Meowth ana mbio za msingi 90, Persian 115. Kinachopotea ni Pickup tu, na kinachokuja badala yake ndicho nilichokuwa nataka kumweleza dada.

---

Nuru_na_Mwezi amejibu:

Nimesoma mara tatu. Nimesikitika kuhusu ule mti, nimempa zaidi ya mara tatu, nadhani mara tano au sita. Nilikuwa namwona amesimama na uhai wote nikifikiri nimemtendea wema.

Kipaji chake ni Pickup. Kengele ninayo, ilikuwa imelala kwenye begi tangu zamani, sikujua kazi yake. Nimemvisha sasa hivi.

---

Mlezi wa Paka amejibu:

Usijilaumu, dada. Mchezo hauna mahali unapokuonya kwa sauti, ni mstari mmoja tu kwenye maelezo ya dawa kwamba ni chungu.

Na kipaji hicho ni bahati. Meowth wa Alola mwenye Technician anageuka na kubaki na Technician, ambayo inaongeza kwa nusu mapigo yote yenye nguvu 60 kushuka chini. Nzuri, hasa kwa Fake Out. Lakini mwenye Pickup akigeuka anapata Fur Coat, na hii, kati ya Persian wote wawili, wa Kanto na wa Alola, ninaowajua vitani, ndiyo iliyonifanya nimpende wa Alola. Fur Coat inamzidishia kinga yake mara mbili dhidi ya mapigo ya mwili: ngumi, kucha, meno, pembe. Wewe unalalamika kwamba pigo moja linamlaza. Meowth ana kinga ya msingi 35. Persian ana 60, na Fur Coat inaizidisha. Yeye ni wa aina ya Giza, kwa hiyo ngumi za aina ya Fighting humuumiza maradufu, lakini manyoya yanakata nusu, anapokea kama pigo la kawaida. Nimewahi kuona mpinzani anatuma mpiganaji wake mkubwa kwa uhakika kabisa, ngumi inatua, na paka wangu amesimama na zaidi ya nusu ya uhai.

Tahadhari moja: manyoya hayazuii mapigo ya mbali kama Moonblast. Fairy bado ni adui yake mkubwa. Usimwache mbele ya Fairy kwa matumaini.

Mfundishe Nasty Plot na Dark Pulse. Wa Alola ana nguvu za mapigo ya mbali kuliko wa Kanto, zitumie.

---

kijana_wa_Galar amejibu:

Samahani dada kwa kukupoteza, sikujua kwamba zamani vilikuwa vitu viwili. Mimi nilianzia Sword. Mlezi, asante, nimejifunza.

---

Nuru_na_Mwezi amejibu:

Wakuu, leo ni siku ya 16 tangu niandike.

Amegeuka.

Nilifuata kama nilivyoelekezwa. Konikoni kila siku, hakuna niliyoruka. Kengele shingoni. Isle Avue kila usiku. Kikosini wa kwanza, halafu namtoa kwenye pambano mapema kabla hajaumizwa. Amezimia mara mbili tu muda wote huo, na mara zote nilimbeba mpaka Pokémon Center kwa miguu. Refresh sikuacha, ingawa najua haimo kwenye daftari hilo. Alishazoea, na mimi pia.

Alipofika levo 42 hakugeuka. 43 hakugeuka, na hapo nilikaribia kukata tamaa nikataka kutumia Rare Candy zote tatu nilizonazo. Nikakumbuka mliposema nizitunze, nikaendelea kutembea. Leo alfajiri, levo 44, alimshinda Wingull mmoja tu wa porini ambaye hata sikuwa na haja naye. Pambano likaisha, nikadhani tunarudi njiani, mara muziki ukabadilika. Niliweka vidole vyote mbali na vitufe. Vyote, hata vile ambavyo havihusiki.

Ana uso wa mviringo kama sinia. Nimemwona mzuri, sijui nieleze vipi. Ile sarafu ya paji haipo tena, kuna kito cha buluu mahali pake. Kipaji: Fur Coat, kama Mlezi alivyosema.

Nimempigia picha skrini nikamtumia kaka. Hakuuliza levo wala kipaji. Aliuliza, "Bado anaitwa Sarafu?" Nikamfungulia ukurasa wake nikampigia picha nyingine: jina Sarafu, na chini yake, mahali pa mmiliki wa kwanza, jina la kaka mwenyewe.

Mlezi, swali la mwisho: Nasty Plot bado anaweza kuipata sasa ameshakuwa Persian, au nimechelewa?

---

Mlezi wa Paka amejibu:

Hongera sana dada, umenifurahisha asubuhi hii.

Hujachelewa. Persian naye anajifunza Nasty Plot kwa levo, ila kwa kuwa levo za Persian zinakuja baadaye kuliko za Meowth, huenda bado iko mbele yako. Kama imepita, mtafute yule anayekumbusha mapigo kwenye Pokémon Center ya Mount Lanakila, anataka Heart Scale moja. Na kengele usimvue leo. Mwache nayo mpaka kaka afike.